Kinu cha Kupimia Radi Kule Zinga

Wenzangu mlioajiriwa juzi,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mimi huandika kama mtu anayechonga mlango: kila herufi naizunguka, na mstari ukiisha napumzika. Mahali ambapo L imekaa kwenye kiti cha R zibadilisheni wenyewe, mimi nimechoka kuzifukuza. Shule yangu ni ya msingi tu, na hata huko nilikaa nyuma, maana mbele mwalimu alikuwa akiuliza maswali.

Nimestaafu. Najua mtacheka mkiniona, kwa kuwa ndevu zangu bado mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole, lakini ndivyo nilivyoambiwa. Kituo chetu cha Zinga kimefungwa, vyombo vimepelekwa upande wa Ubena, nanyi ndio mtakaovitunza. Mzee Kondo, fundi wetu, kastaafu kwa umri. Mimi nimestaafu kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu naye. Nimeona niwaandikie yale niliyoyajua, kabla sijayasahau au kabla sijapata kazi nyingine, lolote litakalotangulia.

Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Cheo nilichoingia nacho ndicho nilichotoka nacho, na mshahara kila mtu ajuane na wake.

Siku ya kwanza nilipelekwa na mjomba wangu. Wakati huo nilikuwa na haya kiasi kwamba nikienda dukani nilikuwa namwonyesha mwenye duka kitu kwa kidole. Mzee Kondo tulimkuta kachuchumaa uani, koleo mfukoni mwa shati, kofia ya mkono kichwani, anafuta chuma kwa kitambaa kama anayemwogesha mtoto mchanga.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hebu rudia, nimeona mdomo tu."

Mjomba akaniwahi. "Ana haya, fundi. Lakini mikono yake imetulia."

"Haya si ugonjwa. Wewe, radi unaiogopa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi kazi umepata. Aliyekutangulia alikuwa haogopi. Tumemrudisha kwao angali mzima."

Tangu siku hiyo akaniita Mwali, kwa jinsi nilivyokuwa nimejifungia kama mwari wa kutawishwa. Nilichukia jina hilo, ila kumwambia kwamba nalichukia kungenilazimu kusema.

Chombo chenyewe, ambacho sasa mnacho nyinyi, tulikiita kinu. Ni duara la chuma lililokaa juu ya jukwaa la saruji, chini kidogo ya goti. Juu yake zinazunguka panga nne zinazong'aa, na chini ya panga zimelala sahani za chuma. Panga zikipita juu ya sahani zinaziziba. Zikiondoka sahani zinaliona anga. Basi umeme ulioko hewani unazivuta sahani, zinazibwa, unazivuta tena, zinazibwa tena, na kutokana na purukushani hiyo unapita mkondo mdogo kwenye waya hadi kibandani, ambako kalamu inauandika kwenye karatasi inayotembea. Siku ya jua kalamu hukaa kulia kidogo tu ya mstari wa kati, maana hata bila wingu hewa ina umeme wake. Wingu la radi likija juu yenu, kalamu hukimbia kushoto, na radi ikipiga huruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Kazi yangu ilikuwa kung'arisha panga kila asubuhi, kukagua maji ya betri, na kuondoa tandabui. Hili lishikeni sana. Buibui anapenda kufunga uzi wake kwenye vigae vya udongo vinavyoshikilia sahani, na uzi huo ukipata umande unavujisha umeme wote ardhini. Nimewahi kuona bwana mkubwa akikata vipimo vya siku nzima kwa ajili ya buibui ambaye hakuzidi punje ya mtama. Mzee Kondo alinifundisha kuutoa uzi kwa unyoya wa kuku. Kitambaa kinaacha nyuzi zake, na kidole kinaacha jasho.

Bwana mkubwa huyo ni Bwana Lukasi, mtaalamu, aliyekuwa akija na Landrova kutoka Dar es Salaam. Alisomea Ulaya, na alikuwa mpole. Aliponiona namtazama viatu badala ya uso, akaamua kunifundisha kwa kuchora mchangani, hapo karibu na viatu.

"Wingu la radi ni nyumba ya ghorofa," alisema. "Ndani yake kuna vipande vidogo vya barafu na vipande vizito, vinagongana. Vidogo vinachukua chaji chanya, vinapandishwa na upepo hadi ghorofa ya juu. Vizito vinabaki na chaji hasi ghorofa ya kati. Chini kabisa, barazani, kuna chanya kidogo tena. Kinu chetu kinasimama uani kinachungulia, kinatuambia nani yuko nyumbani."

"Na radi?" Mzee Kondo akauliza kwa niaba yangu.

"Radi ni ugomvi wao ukitoka nje."

Mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, wala sitavumilia mtu aseme Bwana Lukasi alikuwa mjinga. Alikuwa anajua mambo yake. Taabu ni kwamba alijua yake tu.

Kwa usalama wetu aliweka sheria: ngurumo ya kwanza ikisikika, wafanyakazi wote waingie kibandani, mlango ufungwe, wasitoke mpaka mbingu itulie. Kibanda kilikuwa na dirisha moja, nalo limetazama barabara. Kinu kilikuwa upande wa pili. Kwa hiyo wakati wa radi, ambao ndio tuliolipiwa, hakuna kati yetu aliyewahi kukiona kinu.

Uwanja ulikuwa wa Bi Mwanaidi, mjane aliyekodisha sehemu ya ua wake kwa kituo. Jikoni kwake ilitundikwa sufuria kubwa kuliko zote za Zinga, yeye akiiita sufuria ya shughuli, kwa kuwa hakuna arusi wala hitima iliyopikwa bila hiyo. Alituletea uji asubuhi na kututukana mchana kwa kutomaliza uji. Mjukuu wake, Tatu, alisoma katika shule mpya ya kijiji iliyojengwa juu ya mwinuko, ikaezekwa bati linaloonekana toka mbali. Kwa sababu ya bati hilo na mwinuko huo, Mzee Kondo alikuwa amepanda paani kufunga fimbo ya shaba, akashusha waya mnene ukutani mpaka ardhini, ili radi ikija ipite nje na iwaache watoto na hesabu zao.

Bi Mwanaidi alikuwa mtu wa desturi kama sisi sote wa pwani. Anga likinguruma alifunika vioo kwa kanga, aliweka visu chini ya mkeka, alivua bangili, akasoma anayoyasoma. Kitu kinachong'aa kinaita radi, ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mama alikuwa akifunika hata kioo cha kunyolea cha baba, ambacho kilishavunjika nusu.

Basi ikaingia masika ya kwanza tangu kinu kiletwe kwenye ua huo, ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Mvua ya kwanza ilikuja na ngurumo za kutikisa vikombe. Tumejifungia, tunatazama kalamu. Ikaanza vizuri: ikatoka kulia, ikavuka katikati, ikaanza kwenda kushoto. Kisha ikarudi mstari wa kati, ikatulia pale. Nje dunia inapasuka, na kalamu inachora mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mbingu zilipotulia, ikarudi mahali pake pa siku zote kana kwamba haikusikia lolote.

"Kimekufa," nikasema. Ilikuwa nadra mimi kusema bila kuulizwa.

Mzee Kondo alikifungua kinu chote, akakipima, akakifunga. Kizima. Tena kikavu. "Angalia, Mwali," aliniambia kwa fahari, "mvua yote ile na hakina hata tone. Ni kwa sababu ya ule mwinamo niliouweka kwenye jukwaa." Nikausifu mwinamo kwa kichwa.

Mvua ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Bwana Lukasi alipoletewa karatasi alizitandaza mezani, akazitazama muda mrefu, akavua miwani. Tulingoja kugombezwa. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, haya hayajapata kuonekana."

Akatueleza kwamba huenda hewa ya chumvi ya bahari inazifuta chaji za wingu linapofika pwani, ghorofa zote zikabaki tupu. Jambo hilo akalipa jina, Utulivu wa Pwani, akaliandikia ripoti. Wageni wakaanza kuja. Walipiga picha kinu, walimpiga picha Mzee Kondo akiwa ameshika koleo, walionja madafu, waliuliza maswali marefu juu ya chumvi. Bi Mwanaidi aliwapikia wote. Hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya choo kiko wapi.

Ripoti ikamfikia Katibu wa kamati ya kijiji, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyekuwa akisoma kurasa za mwisho tu za kila kitu. Kwenye ukurasa wa mwisho akakuta kwamba radi za Zinga hazina umeme wa kutajika. Akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu huko kwingine bado wanapigwa na radi. Sisi yetu imeshapimwa. Kwa hiyo ile shaba iliyoko shuleni haina kazi. Itashushwa, na itafungwa kwenye ofisi mpya ya kamati."

Mzee Kondo akanyoosha mkono. "Ndugu Katibu, kama radi haina umeme, shaba hiyo ofisini itakinga nini?"

"Ofisi ina nyaraka, mzee."

"Na shule ina watoto."

"Watoto wanakimbia. Nyaraka hazina miguu."

Watu wakacheka, na katika kucheka jambo likawa limepita. Mzee Kondo akaandikiwa amri ya kupanda kuishusha mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeijua. Alimwendea Bwana Lukasi. Bwana Lukasi akasema si kazi yake kuingilia kamati, halafu akaongeza, huku akifuta miwani, kwamba kwa vipimo tulivyonavyo hawezi kusema Katibu kakosea. Mzee Kondo hakula uji siku hiyo, akatukanwa.

Ikapangwa sherehe. Ndiyo, kushusha fimbo kulifanyiwa sherehe. Bwana Lukasi alialikwa kuwa mgeni wa heshima, shule ikaimba, na Bi Mwanaidi akaombwa apike pilau. Aliibeba sufuria yake kwa mkokoteni tangu asubuhi. Mimi niliachwa kituoni kutazama kalamu. Nilishukuru, maana kwenye sherehe watu huulizana habari.

Alasiri ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali, upande wa bara. Nikafunga mlango kama sheria inavyotaka. Kalamu ikaondoka kulia, ikavuka katikati, ikaenda kushoto. Nikangoja irudi, kama ilivyozoea. Haikurudi. Ikazidi kwenda. Ikafika pembeni kabisa ya karatasi, ikaegemea ukingo wa chuma, ikawa inatetemeka pale kama inayotafuta mlango. Mwanga ukamulika dirishani, kalamu ikaruka kulia, ikarudi kushoto kwa kishindo mpaka wino ukanirukia shati.

Nilikuwa sijawahi kukiona kitu kile, ila nilikuwa nimechorewa mchangani. Ghorofa ya kati ilikuwa imejaa, na ilikuwa inakuja juu yetu. Nikakumbuka Mzee Kondo yuko wapi saa ile. Yuko juu ya bati, kwenye mwinuko, mikono yake imeshika shaba.

Nikachana karatasi, nikavunja sheria, nikachukua baiskeli yake.

Shuleni nilikuta watu wamejaa uwanjani, wamelitazama paa. Ngazi imesimama. Mzee Kondo yuko kileleni na koleo lake. Katibu yuko katikati ya hotuba: "...leo tunaiaga hofu ambayo wazee wetu..." Upepo umeshageuka baridi, na kivuli cha wingu kimefunika uwanja wote.

Nilitaka kumfuata Bwana Lukasi nimpe karatasi kimyakimya. Palikuwa na safu tatu za viti na macho yote yale katikati yetu. Nikabaki nimeshika baiskeli. Ndipo nikaona Mzee Kondo anainuka kusimama, anazungusha koleo, na sauti ikanitoka ambayo sikujua kuwa ninayo.

"Mzee Kondo! Shuka! Shuka, mzee, kalamu imekwenda!"

Uwanja wote ukageuka. Katibu akakunja uso. "Nani huyu? Mzee, endelea na kazi. Utaalamu umeshasema."

"Shuka!" nikapiga kelele tena.

Mzee Kondo akachungulia chini. "Huyo Mwali?" akauliza. "Huyo ndiye anayepiga kelele?" Akaanza kushuka papo hapo, bila kungoja ruhusa. Baadaye aliniambia kwamba hakuelewa nilichosema hata neno moja. Alijua tu kwamba mimi nikisema kwa sauti, lazima pana maiti au moto.

Bwana Lukasi aliipokea karatasi, akaisoma amesimama. Uso wake ukabadilika. "Watoto wote ndani ya madarasa," akasema. "Watu wote. Sasa hivi. Msiguse waya ule."

"Lakini Bwana Mtaalamu," Katibu akasema, "ripoti..."

"Ripoti nimeiandika mimi! Ingia ndani!"

Tukasongamana darasa la kwanza, wakubwa kwa wadogo. Bwana Lukasi bado ameshika karatasi mbele ya macho, ananong'ona, "Kwa nini leo? Kinu ni kile kile, mahali ni pale pale. Kwa nini leo tu?"

Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, Tatu kamshika kanga. Alisikia, akajisogeza kwa aibu ya mtu aliyesahau wajibu wake.

"Mniwie radhi, baba," akasema. "Leo sikukifunika."

"Hukufunika nini, mama?"

"Kile chombo chenu. Kinang'aa kupita kiasi, kitawaua vijana wangu. Kila siku anga likinguruma nakifunikia sufuria. Mvua ikiisha nakifunua, nikikuta pameingia maji nakifuta. Ila leo sufuria ina pilau."

Nje mvua ilikuwa imeshaanza kupiga bati. Bwana Lukasi aliketi kwenye dawati la mtoto. "Sufuria," akasema. "Ya chuma?"

"Ya chuma, baba. Nzito. Aliniachia marehemu."

"Ndani ya sufuria ya chuma iliyofunikwa umeme wa nje hauingii," akatuambia, polepole, kama anayejisomea hukumu. "Hata kidogo. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza." Kisha akamtazama Mzee Kondo. "Na ule ukavu..."

"Mimi nilidhani ni mwinamo," akasema Mzee Kondo.

Ndipo ikapiga. Sikuisikia kama sauti, niliisikia kwenye meno. Dirisha likawa jeupe, palitoka harufu ya kiberiti, na ule waya ukutani ukalia kama chungu kilichopasuka. Iliipiga fimbo. Mzee Kondo alikuwa amelegeza vishikizo viwili tu tangu apande, na vilivyobaki vilishika. Alikuwa akichelewesha kusudi, akitumaini hotuba itampitisha mpaka magharibi.

Moto ulipita nje ya ukuta ukaingia ardhini. Watoto walipiga mayowe, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja kwa sababu walimwona Katibu. Alikuwa ameingia chini ya dawati la darasa la kwanza, na kutoka hakuweza. Ilibidi dawati liinuliwe naye ndani yake.

"Ndugu Katibu," Mzee Kondo akamwambia akiwa ameshika upande mmoja, "tuendelee kuishusha?"

Pilau lililiwa. Mvua ilikuwa imeingia kidogo pembeni, lakini katikati lilikuwa zuri.

Bwana Lukasi aliandika ripoti nyingine, akaieleza sufuria jinsi ilivyokuwa, bila kumlaumu mtu, na jina lake akaliweka chini. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa masomo yake yote. Bi Mwanaidi tulimwomba sana asikifunike kinu tena, akakataa kabisa. Hawezi kulala na damu ya watu. Ikabidi Mzee Kondo atengeneze kinu cha uongo kwa gurudumu la baiskeli na vifuniko vya mikebe, kikang'aa kuliko cha kweli, tukakiweka karibu na jiko lake. Hicho ndicho alichokuwa akikifunika. Cha kweli alikubali kukiacha baada ya Mzee Kondo kukipaka masizi ubavuni mbele yake. Wageni wawili watatu waliokuja baadaye walipiga picha kile cha gurudumu.

Kuanzia hapo kalamu ikaandika kama inavyotakiwa, kushoto na kulia, masika na vuli. Ikathibitika kwamba mawingu ya Zinga yana ghorofa zile zile kama ya kila mahali. Na wakubwa walipoona ni kama ya kila mahali, wakasema basi hakuna haja ya kituo Zinga. Tulipokosea tulitembelewa, tulipopatia tukafungwa. Ndiyo namna nilivyostaafu.

Fimbo bado iko juu ya shule. Imepigwa tena tangu hapo, darasa likiwa limejaa. Hakuna aliyeandika ripoti. Tatu alirudi nyumbani mchana huo akauliza kuna nini cha kula, bibi yake akamtukana, akampakulia.

Sasa nawaombeni mniandikie. Nielezeni kalamu inakwendaje huko, na kama ikinyooka wakati wa ngurumo msiniambie kwanza habari za chumvi wala za upepo. Niambieni nani anaishi karibu na kinu, na ana sufuria ya ukubwa gani. Andikeni kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole, na Mzee Kondo hukaa pembeni yangu akiuliza, "Wamesemaje, Mwali? Sema kwa sauti, najua unaweza."

Wenu,
Selemani wa Zinga